Kuni si mkaa

Asubuhi moja ya Januari, nje kipimajoto kikisoma nyuzi 24 chini ya sifuri, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiko la chuma sebuleni, koti juu ya khanga, nasugua kioo cha mlango wake kwa gazeti lililolowa na kuchovywa kwenye majivu. Kioo kilikuwa cheusi kuliko kitako cha sufuria ya maharage. Ndani, magogo mawili niliyoyaweka usiku yalikuwa yamelala vilevile nilivyoyalaza, meusi, hayajaungua hata nusu. Chumbani kwa mtoto, hatua saba kutoka hapo, palikuwa na nyuzi 13. Na banda la kuni, ambalo mwezi wa kumi lilijaa mpaka mlangoni, lilishaanza kuonyesha ukuta wake wa nyuma.

Baridi si ngeni kwangu. Mimi ni mtoto wa Njombe mjini. Watu wa Dar wakija kwetu mwezi wa sita wanashuka kwenye basi wamejikunja kama mbayuwayu aliyenyeshewa, sisi tunawacheka. Kwa bibi yangu, Makete, karibu na Kitulo, kuna asubuhi za mwezi wa saba majani yanaamka na barafu nyeupe na viazi vinaungua shambani kwa baridi. Kwa hiyo nilipoolewa Norwei, tukapanga nyumba ya mbao katika bonde la Østerdalen, nilikuja na kiburi changu. Mume wangu ni wa hukohuko, ila alikulia ghorofani Oslo, mahali ambapo joto linatoka ukutani bila mtu kuliuliza linatoka wapi. Kwake jiko la kuni lilikuwa pambo. Nikamwambia: niachie mimi, moto naujua.

Nilichokuwa naujua ni mkaa.

Njombe tulikuwa na jiko la mkaa sebuleni, mkaa wa miwati, mzito, unaokaa. Sheria zake nilizijua kabla sijajua kusoma. Unaliwashia nje, unapepea kwa kipande cha boksi mpaka moshi uishe na mkaa ukolee, ndipo unaliingiza ndani. Ukitaka moto mkali unafungua kale kamlango ka chini na kukung'uta majivu, hewa ipande. Ukitaka moto wa kukaa unakafunga. Usiku unafukia kwa majivu, na asubuhi ukifukua unakuta macho mekundu yanakungoja. Jiko linalokaa mpaka asubuhi lilikuwa sifa ya mwanamke mwenye nyumba yake.

Basi nikazihamisha sheria hizo zote, bila kubadilisha hata moja, kwenye jiko la Wanorwei. Kila asubuhi nilizoa majivu yote mpaka chuma kikang'aa. Usiku nilipakia magogo makubwa matatu, nikangoja yashike, kisha nikasukuma mkono wa kufungia hewa mpaka mwisho, moto ukapungua, ukawa mwekundu mzuri wa kunung'unika. Nikapanda kulala nikijisifu.

Aliyenifumbua macho ni mfagia mabomba ya moshi. Huko hii ni kazi ya serikali ya mtaa: anakuja mtu na nguo nyeusi, ngazi, na brashi ndefu ya waya yenye uzito mwishoni, anapanda paani, anasugua bomba, anashuka kukagua jiko. Wanamwita feier. Huyu wetu alikuwa wa makamo, maneno machache. Alipomaliza aliniletea ndoo aione mwenye nyumba. Nilitegemea masizi, lile vumbi laini la dari la jikoni kwa bibi. Kilichokuwemo kilikuwa magamba meusi yanayometa, kama lami iliyokaukia kando ya barabara kisha ikabanduliwa. Akaniuliza usiku ninawashaje. Nikamweleza, kwa fahari kabisa. Akanyamaza kidogo, wanavyonyamaza wao, halafu akasema: "Hapo huchomi kuni. Unatengeneza mkaa."

Nilisimama na ile ndoo mkononi. Kwa sababu tanuru la mkaa nimeliona kwa macho yangu, zaidi ya mara moja. Mchomaji anapanga magogo, anayafunika kwa majani, anayafunika tena kwa udongo, anaacha vitundu vichache, anawasha. Moto ukishashika anauziba pumzi kwa makusudi. Kwa siku kadhaa moshi mzito mweupe unatoka kwenye vile vitundu, wenye harufu ya uchachu inayoshika kwenye nguo. Tulipokuwa watoto tulidhani ule moshi ni uchafu wa mti. Kumbe ule moshi ndio mti wenyewe unaondoka. Gogo likipata joto, sehemu yake kubwa inageuka gesi na kutoka, na gesi hizo ndizo zimebeba zaidi ya nusu ya joto lote la kuni. Mkaa ni kile kinachobaki baada ya mali hiyo kupotelea hewani.

Hapo ndipo sheria za kwetu na za jiko la kuni zinapoachana. Mkaa hauna tena gesi ya maana, unaungua pale pale ulipo, kwa hiyo unataka hewa itokee chini, ipite katikati yake. Ukiupunguzia hewa unapoa na kungoja, hakuna kikubwa kinachopotea. Kuni hazingoji. Zikishapata joto zinatoa gesi, utake usitake, na gesi hiyo inaungua juu ya gogo, katika ule upenyo ambao macho yetu yanaona ndimi za moto. Ili iungue yote inahitaji vitu viwili kwa pamoja: hewa, tena hewa iliyokwisha pashwa moto, na joto la nyuzi 600 hivi. Mimi nilikuwa nainyima vyote viwili. Gesi ikapanda bombani mbichi, ikakutana na kuta baridi, ikaganda ikawa ile lami. Na lami hiyo inawaka. Siku bomba likipata joto la kutosha, inashika moto ndani kwa ndani na kunguruma kama lori linalopanda mlima, na nyumba zenyewe ni za mbao.

Jioni ile nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekaa hivyo?"

Nikamsimulia. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Bibi yako ulimwona lini akifukia kuni? Alifukia makaa. Kuni alizivuta pembeni ya mafiga akazizima, akaziweka kwa kesho. Kuni ukiziziba zinakulilia moshi tu. Ninyi wa mjini mnajua kununua mkaa." Halafu akauliza kama mtoto anakula vizuri. Kwake lile la jiko lilikuwa limeshakwisha, na kwa kweli lilikuwa limekwisha: mama mwenye mafiga matatu na mtu wa serikali ya mtaa ya Norwei walikuwa wameniambia neno moja.

Nikaanza upya, safari hii kwa kuliangalia jiko lenyewe kabla ya kuliamuru. Nikiwa na tochi, jiko likiwa baridi, nikaingiza kichwa. Mwaka 1998 Norwei iliweka sheria kwamba jiko jipya la kuni lazima liwe la kuunguza moshi wake, na letu lilikuwa la kizazi hicho. Nyuma, usawa wa kifua cha moto, kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo kama vya filimbi. Sikuwa nimewahi kuviona. Hewa inapita kwenye njia iliyofichwa ndani ya kuta za jiko, inapata joto, inatokea pale juu ya magogo kuikuta gesi. Hewa nyingine inashuka kutoka juu ikikisugua kioo kwa ndani, na ndiyo inayotakiwa kukiweka safi bila gazeti langu la kila asubuhi.

Juu kabisa, chini ya mdomo wa bomba, kulikuwa na kibao chepesi cha rangi ya mchanga, mfano wa chaki, kilicholazwa kwa mshazari. Kazi yake ni kumzuia moto asikimbilie bombani moja kwa moja: lazima azunguke kwanza, aje mbele, ndipo apande. Hiyo safari fupi ndiyo inayowapa gesi na hewa muda wa kukutana, na chuma muda wa kunywa joto. Chetu kilikuwa kimepasuka katikati na kipande kimoja kimetelezea nyuma, kikaacha pengo la kupitisha ngumi. Sijui miezi mingapi nilikuwa naipasha moto anga ya Østerdalen. Kibao kipya kiliingia kwa dakika kumi, bila fundi, na sijafanya kitu kingine chochote kwenye jiko lile kilicholeta tofauti kubwa hivyo.

Kamba ya mlango nayo. Pembeni mwa mlango kuna kamba ya nyuzi za kioo inayoziba upenyo. Unaijaribu kwa karatasi: ibane mlangoni, funga, vuta. Ikitoka kwa shida, salama. Ya kwangu ilichomoka kama barua mfukoni, upande mzima wa chini. Maana yake hata nilipofunga hewa, hewa ilikuwa inaingia mahali pasipotakiwa, baridi, na inakopita inaupoza moto badala ya kuulisha.

Majivu nikaacha kuyazoa. Sasa naacha kitanda cha sentimeta mbili au tatu, makaa yanalala humo na kuhifadhi joto lao, na kuni zinawaka juu yake vizuri kuliko juu ya chuma kitupu. Mkono wangu bado unawasha kwenda kukung'uta.

Lakini lililonishinda kuamini ni kuwasha kwa juu. Wenyeji wanahimizana hivyo na mimi nilidhani ni mzaha. Magogo makubwa mawili chini, yameachiana nafasi ya kidole. Juu yake mengine madogo yamepita kinyume. Juu kabisa vijiti vyembamba, umepanga kama kichanja cha vyombo, na hapo kileleni ndipo unatia kiberiti. Kwa mtu aliyekuzwa kusokomeza karatasi chini na kupuliza mpaka machozi, ni sawa na kuambiwa uvae viatu kichwani. Nikajaribu kwa kumkomoa tu mume wangu. Moto ukakaa juu kama mshumaa, mdogo, mtulivu. Baada ya dakika kumi na tano ukaanza kushuka wenyewe, gogo baada ya gogo. Ukiwasha kwa chini, gesi ya magogo ya juu inatoka kabla hakujawa na moto wa kuipokea, inakwenda zake moshi. Ukiwasha kwa juu, kila moshi unaotoka chini unalazimika kupita katikati ya ndimi za moto. Juu bomba nalo linapata joto mapema, na bomba lenye joto ndilo linalovuta.

Sikupuliza hata mara moja. Kusema kweli niliona kama nimeibiwa kazi.

Kuanzia hapo nikaacha kupakia. Moto mdogo unaowaka sawasawa unatoa joto kuliko mkubwa uliokabwa. Naweka vipande viwili vitatu juu ya makaa, hewa wazi mpaka vishike vyote, kisha napunguza, ila sifiki mahali ndimi zinapotoweka. Ndimi za manjano zinazocheza, kioo kinachoonekana, ndipo napoachia. Na mara mojamoja natoka nje na mabuti kutazama bomba langu. Jiko linalowaka vizuri bomba lake halitoi kitu cha kuonekana, labda mtetemo wa hewa tu. (Sasa nikitembea na mtoto kwenda shuleni ninahukumu mabomba ya mtaa mzima. Kuna nyumba ya njano karibu na daraja, ningependa kuwapigia hodi.)

Kuni mbichi ni hadithi inayojulikana, sitaikalia. Gogo lililokatwa leo karibu nusu ya uzito wake linaweza kuwa maji, na joto la kwanza lote linakwenda kuyachemsha maji hayo. Zikishuka chini ya asilimia 20 ziko tayari. Wenyeji wanapasua mwishoni mwa majira ya baridi, wanaanika kiangazi chote mahali penye upepo, wamefunika juu tu. Wanapenda mti wanaouita bjørk, wenye ganda jeupe linalobanduka kama karatasi. Gonga vipande viwili: vikavu vinalia kama vijiti vya ngoma, vibichi vinajibu kwa kishindo cha kiazi. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la kama uniti 4, uniti zilezile za umeme wa LUKU. Jiko zuri linakupa tatu au zaidi ndani ya nyumba. Mimi nilipokuwa najidai, sijui kama nilipata mbili.

Hayo yote yakiwa yametengemaa, sebule ikafika nyuzi 27 nikawa navua sweta, na chumbani kwa mtoto zikawa 15. Moto ulishapata pumzi, nyumba bado.

Usiku mmoja nikachukua ukanda wa karatasi ya chooni, nikausimamia mlangoni kati ya sebule na korido. Niliponyanyua mkono juu karibu na fremu, karatasi ikaelea kuelekea koridoni. Nikashusha taratibu. Katikati ikaning'inia wima, haina upande. Chini karibu na kizingiti, ikageuka, ikaelekea sebuleni, kwenye jiko. Nilirudia mara nne kama mtoto aliyepata kidude. Mlango mmoja, mito miwili: ya moto inatoka kwa juu, ya baridi inaingia kwa chini. Na fremu ya mlango ule ni fupi, nyumba ya zamani, kwa hiyo joto lote lililopanda darini lilikuwa limekwama mle ndani kama maji nyuma ya tuta.

Nilikuwa nimeshajaribu feni. Niliiweka kando ya jiko ikapuliza joto kuelekea chumbani, nikapata kelele tu. Kosa lilikuwa upande. Hewa ya moto ni nyepesi, ukiisukuma inatawanyika na kurudi juu. Ya baridi ni nzito, imelala sakafuni, inasukumika. Nikaihamisha feni mpaka mlango wa chumba cha mtoto, nikaiweka chini sakafuni, uso umeelekea sebuleni, kasi ya chini kabisa. Inapuliza baridi nje ya chumba. Na kwa kuwa chumba hakiwezi kubaki kitupu, hewa ya moto inaingia yenyewe kwa juu kuja kuziba pengo. Nikarudi na karatasi yangu pale mlangoni, kwa juu ikanyooka kama bendera. Baada ya saa moja na nusu chumbani kulikuwa na nyuzi 18, na sebule imeshuka mpaka 23, mahali binadamu anapoweza kukaa na nguo zake.

Kwa wenye dari ndefu, pangaboi linasaidia likizungushwa kinyume, polepole, livute hewa juu na kuitembeza ishuke na kuta. Pangaboi la Dar lingepigwa na butwaa. Kuna pia vifeni vidogo vinavyokaa juu ya jiko bila umeme wala betri, vinavyozungushwa na tofauti ya joto kati ya kitako na mgongo wake, jambo ambalo mwanafizikia Seebeck aliligundua mwaka 1821. Mume wangu alininunulia. Kinapendeza, mtoto anakipenda. Kazi yake kubwa ni kunijulisha kwamba jiko limepata moto, kitu ambacho nilikuwa nakijua.

Nilifarijika kusoma kwamba hata Benjamin Franklin alijikwaa hapahapa. Miaka ya 1740 alitengeneza jiko lenye sanduku la hewa ndani yake: hewa safi inatoka chini ya sakafu, inazunguka sandukuni, inaingia chumbani ikiwa ya moto. Wazo zuri kabisa. Ila moshi wake aliutaka ushuke kwanza, upite chini ya sakafu, ndipo uende bombani, na moshi uliopoa haupendi kushuka. Majiko yalivuta vibaya, wengine wakayarekebisha baadaye. Waswidi, wakibanwa na uhaba wa kuni, mwaka 1767 walifanikiwa kwa njia nyingine: Cronstedt na Wrede waliupitisha moshi kwenye njia ndefu za kupanda na kushuka ndani ya jiko la matofali, moto mkali wa muda mfupi, na matofali yanaendelea kutoa joto saa nyingi baadaye. Moto mkali. Hata wao hawakuukaba.

Hewa inayopanda bombani lazima itoke mahali. Nilijifunza hilo siku nilipokaanga samaki na kuwasha feni ya kufyonza moshi jikoni, madirisha yote yamefungwa. Nilipofungua mlango wa jiko kuongeza kuni, moshi ukanijia usoni, kwa sababu feni ilikuwa inashindana na bomba na imeshinda. Sasa kabla ya kuwasha nafungua dirisha upenyo wa kidole. Na ukutani nimeweka kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Hapo ndipo ninapokumbuka sebule yetu ya Njombe na mwili unanisisimka. Tulifundishwa kwamba moshi ukiisha jiko ni salama. Mkaa uliokolea hauna moshi, ila hiyo gesi unayo, tele, na hauna bomba la kuitoa. Ukikaba kamlango tulivyozoea, inazidi. Nadhani kilichotuokoa ni mlango wa mbele ambao fundi aliukata mfupi, upepo ukawa unapita chini yake usiku kucha, na mama akawa anauziba kwa gunia na sisi tunalipiga teke tukitoka. Nimemwambia mama jiko sasa liishie jikoni, dirisha wazi, na usiku litoke nje kabisa. Alibisha. Nikamtumia pesa ya mablanketi mawili mazito. Sasa anasema jiko linalala nje, na mdogo wangu ananithibitishia.

Feier alirudi mwaka uliofuata, mtu yuleyule. Nilimsikia akitembea paani, brashi ikipanda na kushuka, nami chini nimekaa kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Akashuka na ndoo. Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu, kavu, jepesi, halijai hata kikombe. Aliliangalia, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaangalia kioo cha jiko, kisha akauliza kama kuna kahawa. Nikamchemshia ya Mbozi, birika juu ya jiko.